Nyumba Iliyofungwa kwenye Migomba

Kila siku saa moja kamili asubuhi simu ya Bibi Benadeta iliita, na kila siku aliyeipokea alikuwa Joanitha. Bibi alipojaribu kuipokea mwenyewe aliishika kichwa chini miguu juu, kisha akalalamika kwamba watu wa siku hizi hawasemi kwa sauti.

Mpigaji alikuwa Elpidius, baba yake Joanitha, akiwa kitandani katika hospitali ya Nyakahanga, mguu wa kulia ukiwa ndani ya plasta ngumu. Maswali yake yalikuwa matatu, yale yale, kwa mpangilio ule ule.

"Mbuzi wamekula?"

"Wamekula, baba."

"Bibi amekunywa dawa?"

"Amekunywa. Anasema kesho hanywi."

"Na paa?"

"Lipo, baba."

"Lipo vipi?"

"Lipo juu."

Paa lilikuwa swali la tatu, lakini ndilo lililomkosesha Elpidius usingizi. Wiki mbili kabla, upepo ulikuwa umenyanyua ukingo wa mabati upande wa baraza na kuupigapiga mchana kutwa kama mtu anayegonga mlango. Elpidius hakuwa mtu wa kusubiri ushauri. Aliweka ngazi, akapanda na jiwe lenye ukubwa wa sufuria ya ugali, akaliweka juu ya bati. Jiwe la kwanza lilikaa. La pili likakaa. La tatu liliteleza, na Elpidius akalifuata. Jiwe lilifika chini salama.

Mama yake Joanitha alikwenda Nyakahanga kumuuguza. Nyumbani kwao, katika kata ya Nyakakika, wakabaki watatu: Bibi Benadeta, ambaye macho yake yaliona maharage yaliyo mapajani pake lakini hayakuona lililo mbele ya baraza; Joanitha, mwenye miaka kumi na miwili, wa darasa la sita; na mdogo wake Immaculata, wa darasa la kwanza, aliyekuwa na tabia ya kusema alichokiona. Ilikuwa likizo fupi ya mwezi wa nne, na mwezi wa nne Karagwe mvua haiji peke yake. Huja na upepo, na mara nyingine na mawe ya barafu.

Jumatatu ile, baada ya simu, alifika Fundi Sibomana. Alikuwa mtu mwembamba, penseli sikioni, aliyeyapima maneno kama alivyopima mbao. Alimwamkia Bibi, akaizunguka nyumba mara mbili kimya, kisha akapanda juu na kuanza kushusha mawe.

"Mawe haya nani aliyapanga?" aliuliza kutoka juu.

"Mwanangu," alijibu Bibi.

"Yuko wapi?"

"Hospitali."

Sibomana akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepata jibu alilolitegemea.

Aliposhuka aliomba ungo. Joanitha akauleta, akaambiwa asimame kwenye kona ya nyumba, upepo unakopanda kutoka bondeni, aushike ungo kwa ncha za vidole juu ya kichwa kama paa. Akaushika. Upepo ukapita, ungo ukamponyoka, ukaruka hadi kwenye banda la mbuzi.

"Umesukumwa chini au umenyanyuliwa?" aliuliza Sibomana.

"Umenyanyuliwa, fundi."

"Ndivyo na paa. Upepo unaingia chini ya baraza, unakosa pa kutokea, unalinyanyua. Mawe hayasaidii. Siku paa litakaporuka, litaruka na mawe yake, na hapo utakuwa na matatizo mawili hewani."

Alifanya kazi hadi saa nane. Alibadilisha misumari iliyolegea, akaifunga kila kenchi, ile mihimili inayobeba mabati, kwa waya kwenye mbao iliyolazwa juu ya ukuta, kisha akateremsha waya nene kutoka kila pembe ya paa. Nyaya nne zikaning'inia hadi karibu na ardhi, hazijashika kitu.

"Hizi sasa zinataka mashimo manne," alisema. "Kila shimo likufike kiunoni. Ndani unalaza gogo la mkaratusi, waya unazunguka katikati ya gogo, unajaza mawe na udongo, unashindilia. Magogo nimekukatia, yale pale. Mimi nina nyumba saba zinanisubiri. Nitarudi Jumamosi kukaza. Redio imesema upepo mkali mwisho wa wiki. Utaweza?"

"Nitaweza."

"Shimo moja kwa siku. Usikimbie."

Jumanne asubuhi Joanitha alianza kuchimba. Immaculata aliteuliwa kuwa kipimo. Kila baada ya muda aliruka ndani ya shimo na kutangaza.

"Limenifika kwenye kifundo cha mguu."

Joanitha akachimba tena.

"Bado ni kifundo."

"Nyamaza, wewe ni mfupi."

"Nikiwa mfupi si lingenifika juu?"

Joanitha akarudi kwenye jembe. Saa sita mchana shimo lilikuwa limefika kwenye goti la Immaculata, na chini yake palikuwa na mwamba uliolia ngaa kila jembe lilipougusa. Viganja vya Joanitha vilikuwa na malengelenge matatu. Aliketi ukingoni, akalitazama jembe, akayatazama magogo ya mkaratusi, kisha akatazama mbele yake.

Mbele yake, hatua tatu kutoka pembe ya nyumba, palikuwa na shina la migomba. Nyumba ile, kama nyumba nyingi za Karagwe, ilisimama katikati ya kibanja, na migomba iliizunguka pande zote. Shina lile lilikuwa na migomba minne, minene, imesongamana, mmoja ukiwa na mkungu uliokaribia kukomaa. Joanitha aliitazama kwa muda mrefu. Kwa nini achimbe ardhi ili azamishe gogo, wakati hapa kuna kitu ambacho Mungu amekwisha kukizamisha?

Nyaya zilikuwa fupi kidogo. Aliwafungia mbuzi bandani, akachukua kamba zao, akaziunga kwenye nyaya na kuzifunga kwenye migomba, pembe kwa pembe. Kazi ya siku nne ikaisha kwa muda wa kuivisha maharage mabichi.

"Ndivyo fundi alivyosema?" aliuliza Immaculata.

"Fundi alitaka kitu kilichozama ardhini."

"Fundi alisema gogo."

"Nenda ukachote maji."

Bibi, pale barazani, aliona kitu kinapita hewani kuelekea kwenye giza la kijani. "Hizo kamba ni za nini?"

"Za paa, Bibi."

"Aa," alisema Bibi, akarudi kwenye maharage yake.

Jumatano saa moja asubuhi simu iliita. Mbuzi walikuwa wamekula. Bibi alikuwa amekunywa dawa kwa nguvu.

"Na paa?"

"Limefungwa, baba. Pembe zote nne."

Joanitha akasikia sauti ya baba yake ikiwa mbali na simu: "Binti yangu amemaliza mashimo manne kwa siku moja." Sauti nyingine ikauliza ana umri gani. "Kumi na miwili," alisema Elpidius. "Mlisheni vizuri huyo," ikasema ile sauti, na wodi ikacheka.

Joanitha alifungua mdomo ili aeleze kuhusu mashimo. Salio la baba likaisha, na maelezo yakabaki mdomoni.

Mtu wa kwanza kuona kazi yake alikuwa Mzee Nestory, jirani wa upande wa juu. Fundi Sibomana alikuwa amemfungia nyaya naye, na naye alidaiwa mashimo manne. Jumatatu hakuchimba kwa sababu ya mgongo. Jumanne hakuchimba kwa sababu ya jembe. Jumatano alikuwa anapita njiani akitafuta sababu ya Jumatano, na akaipata.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Hii ni kazi ya Sibomana?"

"Sibomana ndiye aliyefunga nyaya," alisema Joanitha, na ilikuwa kweli.

"Na migomba?"

"Mizizi inayo tayari, babu. Tena shina moja lina migomba minne. Mmoja ukitaka kuanguka, wenzake wanaushika."

Mzee Nestory alilizunguka lile shina akiwa ameshika mikono nyuma. "Na Sibomana anakubali hivi?"

Joanitha hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia. Aliishika kamba, akaivuta kidogo kama mtu anayekagua, akasema, "Imekaza."

Kabla ya saa nane nyumba ya Nestory ilikuwa imefungwa kwenye migomba. Saa tisa Mama Tuyizere, muuza maandazi aliyekaa ng'ambo ya njia, ambaye naye alikuwa na nyaya za Sibomana zinazoning'inia, alimwita Joanitha aende kumchagulia shina zuri. Alimpa maandazi mawili. Joanitha alipita kibanjani akigonga migomba kwa vifundo vya vidole na kusikiliza, kama daktari anavyogonga kifua.

"Huu unafaa," alisema. "Huu hapana."

"Una nini?"

"Unasikika kama una kikohozi, mama."

Mama Tuyizere akautazama ule mgomba kwa huruma.

Jioni ile ile aliyesimama njiani alikuwa Mwalimu Restuta, ambaye shuleni alimfundisha Joanitha sayansi, naye pia akiwa na nyaya zinazosubiri mashimo. Aliuliza swali moja tu: "Fundi ameiona?"

"Anakuja Jumamosi, mwalimu."

Hiyo pia ilikuwa kweli. Sentensi zote alizosema Joanitha kwa majirani siku ile zilikuwa za kweli. Ila ukizipanga pamoja, zilitoa uongo. Mwalimu Restuta alikwenda nyumbani, akatafuta kamba. Kufikia Alhamisi asubuhi nyumba nne zilikuwa zimefungwa kwenye migomba kama mbuzi waliopelekwa malishoni, na mbuzi wenyewe, kwa kukosa kamba, walikuwa wamefungiwa bandani wakilalamika.

Alhamisi saa tisa alasiri ulipita upepo. Haukuwa upepo mkali wa redioni. Ulikuwa upepo wa kawaida, ule unaokausha nguo na kugeuza majani ya migomba upande wa ndani. Bibi alikuwa barazani anachambua maharage. Joanitha alikuwa anafagia uwanja. Immaculata ndiye aliyeona.

"Dada, mgomba unakaa chini."

Na kweli, ule mgomba wenye mkungu ulikuwa unainama polepole, kwa adabu, kama mzee anayetafuta kiti. Wenzake watatu hawakuushika. Waliufuata. Shina zima liling'oka na udongo wake, likavuta kamba, kamba ikavuta waya, waya ukavuta ncha ya kenchi. Kenchi ililia. Bati la pembeni likainuka, gata la maji ya mvua likachomoka na kuangukia debe tupu lililokuwa chini yake. Kuku walikimbia huku na huku. Maharage ya Bibi yalitawanyika barazani kote.

Bibi aliinuka. Hakuuliza kilichotokea. Aliushika waya, akaufuata kwa mkono mpaka ulipoungana na kamba, akaifuata kamba mpaka mkono wake ulipogusa mgomba uliolala. Akaupapasa mgomba kuanzia mizizini hadi kwenye mkungu.

"Joanitha."

"Abee, Bibi."

"Kila Jumamosi mimi hukutuma kazi gani kibanjani?"

"Kuegemeza migomba kwa miti, Bibi."

"Kwa nini?"

"Isianguke ikizaa."

"Hm," alisema Bibi. "Kwa hiyo mgomba usioweza kujishika wenyewe ndio ulioukabidhi nyumba yangu."

Immaculata alianza kucheka. Kisha Bibi naye akacheka, akacheka mpaka akaketi juu ya ule mgomba. Alipomaliza alifuta macho kwa ncha ya kanga na uso wake ukarudi kuwa wa kawaida.

"Wangapi wengine wamefunga hivi?"

"Watatu. Mzee Nestory, Mama Tuyizere na Mwalimu Restuta."

"Wanadhani ni Sibomana aliyesema?"

Joanitha alitazama chini. "Nadhani wanadhani hivyo."

"Unadhani wanadhani," alisema Bibi.

"Bibi, fundi anakuja Jumamosi. Ataona mwenyewe, atawaambia."

"Jumamosi saa ngapi?"

"Sijui."

"Na upepo wa redioni umekuambia utakuja saa ngapi?"

Joanitha aliutazama ule mgomba. Kama upepo wa kukausha nguo ulikuwa umefanya hivi, ule mwingine ungeziacha nyumba nne bila paa, na ndani ya moja ya nyumba hizo angekuwamo bibi asiyeona lililo mbele ya baraza.

"Nenda sasa," alisema Bibi. "Anza na yule unayemwogopa zaidi. Ukianza na wengine utachoka kabla ya kumfikia."

Aliyemwogopa zaidi alikuwa Mwalimu Restuta. Alimkuta anasahihisha madaftari barazani. Joanitha alimwamkia, akasema yote kwa mkupuo: hakuchimba, fundi hakujua, mgomba umeanguka, kenchi imevutika. Immaculata, aliyekuja bila kualikwa, aliongeza habari za debe na kuku.

Mwalimu aliweka kalamu chini. "Shina la mgomba limetengenezwa na nini?"

"Maganda ya majani yaliyofungana, mwalimu."

"Kitu gani kimejaa humo ndani?"

"Maji."

"Na mizizi yake mingi iko wapi?"

"Karibu na juu ya udongo. Haiendi chini sana."

"Katika mtihani ulipata ngapi?"

"Themanini na mbili."

Mwalimu Restuta aligeuka, akazitazama kamba zake nne.

"Wewe ulijibu mtihani huo," alisema, "na mimi niliusahihisha. Kisha wote wawili tukaenda kufunga nyumba kwenye maji." Akafunga madaftari. "Jembe langu liko nyuma. Lilete."

Mama Tuyizere alisikiliza huku akigeuza maandazi kwenye mafuta.

"Na maandazi yangu mawili?"

"Nimeyala, mama."

"Najua umeyala. Utayachimba."

Mzee Nestory ndiye aliyekataa. Alisema mgomba wa Joanitha ulianguka kwa sababu haukuwa na malezi mazuri. Alisema migomba yake ni ya mbegu nyingine. Joanitha akamwomba ausukume mmoja. Aliusukuma kwa mkono mmoja, ukayumba. Akausukuma kwa miwili, udongo ukapasuka kuzunguka shina. Mzee Nestory aliondoa mikono yake taratibu, kama aliyeshika kitu kisicho chake.

"Tatizo si hapa," alisema kwa sauti ya chini. "Tatizo ni wakwe zangu kule Nyakatuntu. Jana niliwapigia simu nikawaeleza utaalamu huu. Wamefunga."

"Wapigie tena, babu."

"Niwaambie nini? Kwamba nilisikiliza mtoto wa darasa la sita?" Alifikiri. "Nitawaambia utaalamu umebadilika. Utafiti mpya umetoka."

"Huo ni uongo, babu," alisema Immaculata.

Mzee Nestory alimtazama Immaculata, akamtazama Joanitha aliyekuwa amesimama pale na malengelenge yake, akatoa simu. Alizungumza akiwa amewapa mgongo. Walisikia akisema "nilikosea" mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza mkwe hakuamini.

Simu ya mwisho Joanitha aliipiga mwenyewe, bila kusubiri saa moja asubuhi.

"Baba, mashimo hayapo."

"Yamekwenda wapi?"

"Hayakuwahi kuwapo. Lilikuwapo moja, nusu. Nilifunga kwenye migomba."



"Mimi niliweka mawe," alisema Elpidius. "Wewe umeweka migomba. Naona ukoo huu una bidii, ila haipelekwi panapotakiwa. Chimba, mwanangu. Mimi nitawaambia hawa hapa."

"Utawaambia nini?"

"Hivyo ulivyoniambia. Nimeshawasifia sana, sina namna."

Ijumaa alfajiri walianza kuchimba, wote pamoja, nyumba kwa nyumba: Joanitha, Mwalimu Restuta, Mzee Nestory, Mama Tuyizere na kijana wake Tuyizere, aliyekuja na mtaimbo. Mwamba uliomshinda Joanitha kwa jembe ulipasuka kwa mtaimbo kabla chai haijapoa, na hilo lilimuudhi sana, kwa sababu mtaimbo ulikuwa ng'ambo ya njia siku zote na alichotakiwa ni kuuomba. Immaculata aliruka ndani ya kila shimo, kwa maana kiuno cha dada yake kilikuwa kifua chake.

"Kiuno," alitangaza katika shimo la tatu la Nestory.

"Inatosha," alisema Nestory.

"Kifua, babu. Bado."

"Mtoto huyu amezaliwa kuwa mkaguzi," alinung'unika Nestory, akarudi shimoni.

Shimo la kumi na sita lilishindiliwa Jumamosi asubuhi. Fundi Sibomana alipofika aliona mgomba umelala, kenchi imevutika, gata liko chini. Kabla hajauliza, Joanitha alisimama mbele yake na kumweleza kila kitu, pamoja na yale aliyoyaacha yaaminike bila kuyasema. Sibomana alisikiliza hadi mwisho. Kisha aliushika waya wa pembe ya kwanza, akaning'inia kwa uzito wake wote, miguu hewani. Gogo halikusogea. Alifanya hivyo kwenye pembe zote, akarekebisha kenchi, akakaza nyaya kwa koleo, akahamia nyumba ya pili.

Upepo ulikuja saa kumi jioni, kutoka upande wa Rwanda, na mawe ya barafu ndani yake. Kelele juu ya mabati zilikuwa kubwa hata mtu hakusikia sauti yake mwenyewe. Bibi alisali kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho, na alisema baadaye kwamba ilikuwa mara ya kwanza kumaliza sala bila Immaculata kumsahihisha. Joanitha aliketi amelitazama paa. Liliinuka kidogo, kiasi cha unene wa kidole, nyaya zikavuma, likakaa. Likainuka tena. Likakaa.

Baada ya nusu saa walitoka nje. Kibanjani migomba mingi ilikuwa imelala, na miongoni mwake mashina yote matatu yaliyobaki ambayo Joanitha alikuwa amefungia nyumba. Paa lilikuwa juu. Kwa Nestory lilikuwa juu, kwa Mama Tuyizere juu, kwa Mwalimu Restuta juu. Kutoka Nyakatuntu wakwe walipiga simu: walichimba mashimo matatu kati ya manne, na mabati mawili ya pembe ya nne yalikuwa yameonekana kwa jirani.

Jumapili baada ya ibada Sibomana alirudi kukagua, na majirani wakakusanyika uwanjani kumsikiliza. Alipoteremka alimwita Joanitha.

"Umefanya makosa mawili," alisema. "La kwanza ni kufunga kwenye mgomba. Hilo ni kosa la kukwepa kazi, na dawa yake ni jembe. La pili ni kuwaacha watu waamini kwamba kazi imekaguliwa, wakati haijakaguliwa. Hilo ndilo lingeng'oa mapaa manne, maana mtu akijua kamba yake ni mbovu ataibadilisha, lakini akiambiwa ni nzima atalala chini yake." Akachagua maneno. "Ila ulisema Alhamisi. Mashimo kumi na sita yalihitaji siku moja na nusu. Ungesema Jumamosi mchana, yasingekuwapo. Ukweli ukisemwa kabla ya upepo ni msaada. Ukisemwa baada ya upepo ni habari tu."

Mzee Nestory aliitikia kwa kichwa.

"Kesho niko kitongoji cha pili, kabla hamjafungua shule," aliendelea Sibomana. "Nyumba tisa. Nikiwaambia watu la kufanya, wananisikiliza. Nikiwaambia la kutofanya, hawaamini mpaka wamwone aliyelifanya. Utakuja?"

Joanitha alimtazama Bibi. Bibi, ambaye hakuweza kuona kwamba anatazamwa, alisema, "Ataenda."

Jumatatu asubuhi Joanitha alisimama mbele ya watu ishirini asiowajua, wengi wao wakiwa wamejiegemeza kwenye majembe. Sibomana alimpisha mbele.

"Shikamooni. Naitwa Joanitha," alisema. "Mimi ndiye niliyefunga nyumba kwenye mgomba."

Walicheka kwa muda mrefu. Alisubiri mpaka wote walipomaliza, kisha akawaonyesha pa kuchimba.